Skrini ya Pili: Kumbukumbu ya Kadi za Kuhariria Video na Kuhama kwa Hitilafu Zake

Mhariri wa video hufanya kazi mbele ya picha mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka hufanana, lakini kwa asili yake ni vitu tofauti. Ya kwanza ni ile inayoonekana ndani ya dirisha la programu kwenye monita ya kompyuta, ikiwa imezungukwa na menyu, vitufe na vipande vya kazi. Ya pili ni ile inayotoka nje ya kompyuta kupitia kadi ya kuhariria, yaani bamba la saketi linaloigeuza data ya video kuwa ishara ya televisheni, na kufika kwenye skrini ya nje ambayo hapa inaitwa monita ya ukaguzi. Tangu kompyuta zilipoanza kutumika kuhariri, skrini hiyo ya pili imekuwa shahidi wa mwisho wa kazi, kwa sababu inaonesha picha kama itakavyomfikia mtazamaji. Kumbukumbu hizi zinafuatilia jinsi kazi ya kutafuta hitilafu za skrini hiyo, pale inapobaki nyeusi, inapotetemeka au inapopotosha rangi, ilivyobadilika tangu enzi ya waya za analojia hadi enzi ya ishara za dijitali za SDI na HDMI. Na hoja inayozishikilia ni kwamba hitilafu hizo hazikwisha, ila zilihama, zikatoka mahali ambapo mkono uliweza kuzigusa na kuingia mahali ambapo zinaonekana kwa mtu anayevijua viwango vya ishara.

Tofauti kati ya picha hizo mbili ina mizizi katika historia ya televisheni yenyewe. Tanzania na Kenya, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, zilitumia mfumo wa PAL, ambao huigawa picha katika mistari 625, mistari 576 kati yake ikiwa ndiyo inayobeba picha inayoonekana, na huonesha fremu 25, yaani picha kamili 25, katika kila sekunde. Kila fremu ilitumwa kwa nusu mbili, nusu moja ikibeba mistari ya namba witiri na nyingine ikibeba mistari ya namba shufwa, utaratibu unaoweza kuitwa wa mistari pokezani. Ilhali monita ya kompyuta huchora mistari yote mfululizo kutoka juu hadi chini, kwa kawaida mara 60 au zaidi kwa sekunde. Mwanga nao una hesabu zake: kiwango cha kimataifa cha video ya dijitali kilichopitishwa mwaka 1982, kinachojulikana kama Pendekezo 601, kiliweka weusi katika namba 16 na weupe katika namba 235, wakati picha za kompyuta huhesabiwa kuanzia 0 hadi 255. Zaidi ya hayo, televisheni za tyubu zilificha sehemu ya kingo za picha nyuma ya fremu ya kioo, kiasi kwamba maandishi yaliyoonekana kamili kwenye kompyuta yangeweza kukatwa nyumbani kwa mtazamaji, na ndiyo maana wahariri walifundishwa kuweka maandishi yote ndani ya asilimia 80 ya katikati ya picha.

Kompyuta za mezani ziliingia katika uhariri mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfumo wa kwanza wa kampuni ya Avid, uliojengwa juu ya kompyuta za Macintosh, ulitoka mwaka 1989, na programu ya Premiere ya kampuni ya Adobe ikafuata mwaka 1991. Prosesa za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kufungua video iliyobanwa kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, hivyo kazi hiyo ilibebwa na kadi: chipu maalumu iliyokuwa juu yake ilibana kila fremu peke yake kwa njia ya Motion JPEG wakati wa kukapcha, yaani kuiingiza video kwenye kompyuta, kisha ikaifungua wakati wa kuonesha na kuitoa nje kupitia waya wa kompositi, ule wenye kichwa cha njano, au kupitia waya wa S-Video, unaotenganisha mwanga na rangi. Kadi kama miroVIDEO DC30, zilizowekwa katika kompyuta za kawaida katikati ya miaka ya 1990, zilitegemea mpangilio huo, na kwa hiyo televisheni ndogo iliyowekwa kando ya kompyuta haikuwa anasa, kwa kuwa hapo ndipo picha halisi ilipoonekana ikiwa kamili na ikienda kwa kasi yake.

Mpangilio huo ulifika Tanzania Bara katika kipindi ambacho televisheni yenyewe ilikuwa bado ngeni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, kituo cha ITV kikianza kurusha matangazo mwaka 1994. Katika vyumba vya uhariri vya Dar es Salaam, ambako mwandishi wa kumbukumbu hizi aliijua kazi hii, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kanda za harusi, za kipaimara na za sherehe za kumuaga bibi harusi, na hitilafu za skrini ya nje zilikuwa za aina ambayo fundi angeweza kuifuata kwa kidole. Televisheni iliyobaki nyeusi huenda ilikuwa imewekwa kwenye chaneli ya matangazo badala ya AV, yaani mlango wa kupokea picha kwa waya. Picha iliyotoka bila rangi au iliyopanda na kushuka bila kutulia mara nyingi ilimaanisha kwamba kadi iliachwa katika mfumo wa NTSC wa Marekani, wenye mistari 525 na karibu fremu 30 kwa sekunde, wakati televisheni ilisubiri PAL. Na picha iliyong'aa kupita kiasi ilitokana na kukosekana kwa kizuizi cha omu 75 mwishoni mwa mnyororo wa waya, kwa maana ishara ya analojia inayopitishwa kutoka monita moja hadi nyingine huhitaji kufungwa mahali pamoja tu, na ikifungwa mara mbili picha hufifia.

Ndani ya kompyuta yenyewe kulikuwa na hitilafu za aina nyingine, ingawa hizo nazo zilikuwa na mahali pake. Kila kadi iliyochomekwa kwenye ubao mama ilihitaji njia ya kuiomba prosesa isimame na kuisikiliza, njia ambayo mafundi waliifahamu kwa jina la IRQ, na pale kadi ya kuhariria ilipolazimika kugawana njia moja na kadi ya sauti au ya mtandao, picha ya nje ilikwama, fremu zikaruka, au kompyuta nzima ikaganda. Dawa iliyotumika ilikuwa kuzima kompyuta, kuing'oa kadi na kuihamishia kwenye sloti nyingine, kisha kuwasha tena na kutazama orodha ya njia hizo, kazi iliyorudiwa hadi kadi ipate njia yake peke yake. Mhariri wa wakati huo alilazimika kuwa nusu fundi, na ujuzi huo ulipitishwa kwa kutazama, mwanagenzi akisimama nyuma ya bega la anayefanya na kujifunza mpangilio wa hatua hata kabla hajajua sababu zake.

Badiliko kubwa la kwanza lilikuja na mfumo wa DV, ulioingia sokoni mwaka 1995, mwaka uleule ambapo kiwango cha FireWire, waya wa kusafirisha data kwa kasi ya hadi megabiti 400 kwa sekunde, kilipitishwa rasmi. Katika DV kamera yenyewe ilibana picha na kuiandika kwenye kanda kama namba, kwa kasi ya megabiti 25 kwa sekunde, na kompyuta ilipokea namba hizo bila kuzigeuza. Programu ya Final Cut Pro ya kampuni ya Apple ilipotoka mwaka 1999, mhariri aliweza kufanya kazi bila kadi ya gharama kubwa, na kamera iliyorekodi harusi ikawa ndiyo kigeuzi cha ukaguzi: data ilitoka kwenye kompyuta kwa FireWire, ikaingia kwenye kamera, ikafunguliwa humo, kisha ikatoka kwa waya wa kompositi hadi kwenye televisheni. Filamu nyingi za Bongo zilizoanza kushamiri katika miaka ya 2000 zilipitia njia za namna hii, na bila shaka unafuu wake ulichangia kuifanya kazi ya filamu iwezekane kwa watu wasio na mtaji wa kituo cha televisheni.

Hata hivyo, njia hiyo fupi ilikuwa na vituo vingi kuliko ilivyoonekana, na kila kituo kiliongeza mahali pa kukosea. Kamera ilipaswa kuwekwa katika hali ya kuchezesha kanda, kwa kuwa katika hali ya kupiga picha ilipuuza kinachotoka kwenye kompyuta. Katika baadhi ya programu, sehemu ambayo haijarendiwa, yaani ambayo kompyuta haijaikokotoa na kuihifadhi, haikutoka nje kabisa au ilitoka kama ubao wa rangi moja. Na kwa kuwa kamera ilihitaji muda kufungua data, picha ya televisheni ilichelewa kidogo nyuma ya sauti ya spika za kompyuta, jambo lililowafanya wahariri wengi wasogeze sauti ili ilingane na midomo na hivyo kuharibu ulinganifu uliokuwa sahihi tangu mwanzo. Suluhisho lililokubalika lilikuwa kusikiliza na kutazama kutoka mahali pamoja, sauti na picha zote zikitoka kwenye televisheni. Kulikuwa pia na hitilafu ambayo chanzo chake kilikuwa sheria: kamera nyingi za DV zilizouzwa katika soko la Umoja wa Ulaya zilikuwa zimezibwa mlango wa kupokea ishara, kwa sababu forodha iliihesabu kamera inayoweza kurekodi kutoka nje kuwa ni kinasa video na kuitoza ushuru mkubwa zaidi, na kamera kama hiyo haikuweza kuonesha picha kutoka kwenye kompyuta hata waya na mipangilio yote vikiwa sahihi.

Hapo ndipo dalili za kuhama kwa hitilafu zilipoanza kuonekana wazi. Mafundi waliozoea kutikisa waya walikutana na kamera nzima, waya mzima na televisheni nzima, huku skrini ikiwa nyeusi, na jibu likawa ndani ya kitu kisichoonekana. Hali hiyo ilijitokeza pia kwa wale waliojaribu kutumia kadi za kawaida za michoro kutoa picha ya ukaguzi. Kadi ya Matrox G400 ya mwaka 1999, kwa mfano, iliweza kuitoa video iliyo ndani ya dirisha na kuijaza kwenye skrini ya pili, kwa kutumia tabaka maalumu la picha ambalo kadi ililiweka juu ya eneo lililopakwa rangi moja. Lakini kwa kawaida kadi za michoro zilikuwa na tabaka moja tu la aina hiyo, hivyo programu nyingine yoyote ya video iliyokuwa wazi ingeweza kulishika, na mhariri akabaki na mstatili mtupu kwenye monita zote mbili. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 na namna mpya ya kuchora madirisha, njia hiyo ya tabaka ilipoteza nafasi yake, na vyumba vilivyoitegemea vililazimika kubaki na mfumo endeshi wa zamani au kutafuta kadi iliyojengwa kwa kazi hii pekee.

Kadi za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuanza kushuka bei. Kampuni ya AJA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Blackmagic Design ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 2001, zilitengeneza kadi ambazo hazikujishughulisha na kubana picha, kwa vile prosesa sasa ziliweza kazi hiyo, bali zilichukua fremu iliyokwisha kufunguliwa na kuitoa kama ishara safi ya SDI au HDMI. SDI ni ishara ya dijitali isiyobanwa inayopita katika waya mmoja wa koaksi wenye kichwa cha kuzungusha na kufunga. Katika umbo lake la ubora wa kawaida husafiri kwa megabiti 270 kwa sekunde, katika ubora wa juu kwa gigabiti 1.485, na kwa kiwango kilichotolewa mwaka 2006 kwa gigabiti 2.97. HDMI, iliyotangazwa mwaka 2002, hubeba picha na sauti kwa pamoja na kuingia katika televisheni yoyote ya kisasa, ila huambatana na mazungumzo kati ya vifaa viwili, kinachopokea kikikieleza kinachotuma ni ishara zipi kinaweza kuzipokea.

Namba hizo tatu za SDI zinaeleza sehemu kubwa ya skrini nyeusi za zama hizi. Mfuatano, yaani mpangilio wa vipande ndani ya programu, ukiwa wa mistari 1080 pokezani kwa fremu 25, ishara yake hutosha katika gigabiti 1.485, na monita ya zamani ya ubora wa juu huipokea bila taabu. Lakini mhariri akiubadilisha mfuatano huo kuwa wa mistari 1080 mfululizo kwa fremu 50, kadi hulazimika kutuma kwa gigabiti 2.97, na monita ileile, kwa waya uleule, hunyamaza kabisa. Hata pale monita inapoimudu kasi hiyo, kuna njia mbili za kuifunga data ndani yake, Kiwango A na Kiwango B, na kifaa kinachofahamu njia moja huweza kuikataa nyingine. Simu za mkononi zimeongeza mkanganyiko huo, kwa sababu nyingi hurekodi kwa kasi ya karibu fremu 30 kwa sekunde, na programu inayojenga mfuatano kwa kufuata kipande cha kwanza huweza kumhamisha mhariri kutoka fremu 25 bila yeye kutambua, hadi skrini ya nje itakapokataa kuwaka au mwendo wa picha utakaporukaruka.

Programu zenyewe nazo zimekuwa kituo katika njia ya ishara. Premiere Pro CS6, iliyotoka mwaka 2012, ilileta njia ya ndani inayoitwa Mercury Transmit, ambayo huipelekea kadi fremu moja kwa moja kutoka kwenye injini ya programu, na mhariri huhitajika kuichagua kadi hiyo kwa jina katika mipangilio ya uchezeshaji. Humo kuna kisanduku kinachoiamuru programu isimamishe picha ya nje kila inapokuwa nyuma ya programu nyingine, na kisanduku hicho kikiwa na alama, kufungua barua pepe au kikokotoo kunatosha kuizima monita, jambo linaloweza kumfanya mtu abadilishe waya bure. Vilevile kiendeshi, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuitumia kadi, hupaswa kulingana na toleo la mfumo na la programu ya kuhariria, na sasisho lililojiweka lenyewe usiku huweza kuuvunja ulinganifu huo bila mtu kugusa chochote.

Hitilafu ngumu kuliko zote ni zile ambazo skrini inawaka na kuonesha kitu, lakini kinachooneshwa si kweli. Mpangilio wa nusu-fremu ni mfano mzuri: DV huanza na nusu ya chini, ilhali ubora wa juu wa mistari pokezani huanza na nusu ya juu, na kipande cha DV kinapoingizwa katika mfuatano wa ubora wa juu bila kutafsiriwa vizuri, kila kinachotembea hurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Televisheni ya tyubu iliufichua utetemekaji huo papo hapo, wakati skrini bapa za leo huziunganisha nusu hizo kwa hesabu zake zenyewe na huweza kulifunika kosa hadi siku ya matangazo. Katika mwanga, monita inayotarajia 0 hadi 255 ikipewa ishara ya 16 hadi 235 huonesha weusi uliofifia kuwa kijivu, na kinyume chake humeza vivuli vyote vya nguo nyeusi; mhariri anayerekebisha rangi kwa kuiamini skrini ya namna hiyo huipotosha picha iliyokuwa sahihi.

Pamoja na mabadiliko hayo yote, mbinu ya kuchunguza iliyothibitika tangu enzi ya analojia ingali na nguvu, na inastahili kuelezwa pamoja na sababu zake. Kama fundi bomba anayefunga koki ya katikati ili ajue maji yanapotelea upande gani, mhariri anapaswa kuikata njia ya ishara vipande viwili na kukiuliza kila kipande kivyake. Kwanza chanzo kingine kinachojulikana kuwa kizima, kwa mfano kamera inayotoa milia ya rangi, huunganishwa moja kwa moja kwenye monita kwa waya uleule, na picha ikionekana, waya na monita hutolewa lawamani. Kisha kadi hujaribiwa kwa programu ndogo ya mtengenezaji wake, bila programu ya kuhariria, na ikitoa picha, hitilafu iko kabla ya kadi, katika mfuatano au katika mipangilio ya uchezeshaji. Isipotoa, hutazamwa kiendeshi na sloti. Mwisho milia ya rangi hutolewa kutoka ndani ya mfuatano wenyewe, kwa sababu milia hiyo ina viwango vinavyojulikana, na mwanga au rangi yake ikitofautiana na ile ya kamera, pengo hilo linaonesha mahali ambapo namba zimebadilishwa njiani. Kanuni ya kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja ndiyo inayoipa mbinu hii thamani, kwani mtu anayebadilisha waya, kiendeshi na mpangilio kwa pamoja huweza kuirudisha picha lakini hatajua kilichoirudisha, na hitilafu itakapojirudia ataanza upya.

Yapo maoni kwamba skrini ya pili imepitwa na wakati. Kiunganishi cha Thunderbolt, kilichoingia kwenye kompyuta za Apple mwaka 2011, kiliiweka kadi ndani ya kisanduku kidogo kinachobebwa pamoja na kompyuta mpakato. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na watazamaji wengi sasa hutazama kwenye simu, ambazo huchora mistari mfululizo kama kompyuta. Hoja hiyo ina ukweli, kwani kwa video fupi ya simu ukaguzi kwenye simu yenyewe hutosha. Lakini vituo vya televisheni bado hupokea kazi kwa viwango vilivyoandikwa, picha ya kompyuta bado hupita katika usimamizi wa rangi wa mfumo endeshi ambao kadi ya kuhariria huukwepa, na mtu anayetaka kuthibitisha kwamba kazi yake itapokelewa hana shahidi mwingine wa kuaminika.

Kilichopotea katika mabadiliko haya ni ile nafasi ya kujifunza kwa kutazama mikono ya anayejua, kwa kuwa hitilafu iliyo ndani ya mpangilio haionekani kwa anayesimama nyuma ya bega, na mwanagenzi huona tu kwamba kitu kimebofywa na picha imerudi. Maarifa ambayo zamani yalikaa mikononi sasa yanahitaji kuandikwa na kufundishwa kwa lugha ambayo wanafunzi wanaielewa vizuri. Kila chumba cha uhariri kingefaidika kwa kubandika ukutani, kando ya monita ya ukaguzi, karatasi yenye mistari na fremu za mfuatano, ishara inayotumwa na kadi, kasi ya juu ambayo monita huimudu, viwango vya mwanga vinavyotumika, na toleo la kiendeshi lililothibitika kufanya kazi. Na kila anayeanza angepaswa kuelezwa maana ya namba hizo kabla ya kuoneshwa mahali pa kubofya, kwa sababu vitufe vitabadilika katika toleo lijalo la programu, ilhali maana ya namba hizo ndiyo itakayomwezesha kuifuata hitilafu popote itakapohamia.